Mama Funza anayeomba viluwiluwi wake wafe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe lililochoka anainama mbele ya rafu ya glasi ishirini na nne. Anawasha tochi, anamulika glasi ya kwanza, anasonya. Ya pili, anasonya tena. Ndani, kwenye mchanga uliooshwa, wadudu wembamba kama uzi na wekundu kama damu wanajinyonganyonga kwa raha zao.

"Hawa wamenona," anasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Wenzake katika maabara hii ya maji humwita Mama Funza, naye huitika. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ni kulea viluwiluwi wa usubi, mdudu anayefanana na mbu ila haumi, kisha kuwapeleka kufa kwa faida ya umma. Tope la mto uliochafuliwa huwekwa kwenye glasi, na kila glasi hupata wapangaji kumi. Siku ya kumi yeye huhesabu waliobaki, huwapima uzito na kuwatazama vinywa kwa hadubini. Meno yakiwa yamepinda au yana mapengo, tope lina sumu.

"Mimi ni daktari wa meno," anasema. "Ila sijawahi kumponya hata mmoja."

Mashine za kupima kemikali zipo chumba cha pili. Mashine husema tope lina nini. Kiluwiluwi husema kama humo mtu anaweza kuishi. Mumewe, fundi baiskeli, huwaambia wateja kwamba nyumbani yeye anapulizia wadudu dawa na kazini mkewe anawapa chakula.

Kila jaribio huhitaji tope safi la kulinganishia. Miaka kumi na moja iliyopita maabara ilipolitafuta, Mama Funza alinyoosha mkono akataja kona ya mto nyuma ya nyumba ya mama yake, mbali huko juu, kabla maji hayajauona mji. Viluwiluwi wakalipenda. Tangu hapo kwenye fomu huandikwa "tope safi", lakini mdomoni wote husema "tope la mama". Hulifuata mwenyewe kwa ndoo, na kila mara mama yake humcheka: wenzako wakija kwao hurudi na mboga, wewe matope.

Mwezi uliopita, viluwiluwi themanini waliingia kwenye tope la mama. Wakatoka thelathini na mmoja.

Sheria ya kazi hii haina huruma: wa tope safi wakipungua chini ya saba kwa kumi, jaribio zima linafutwa. Mkuu wa maabara hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "Dada, sabuni tena?"

Swali lilikuwa na mzizi. Miaka sita nyuma Mama Funza aliosha glasi kwa sabuni, akasuuza mara mbili badala ya saba, na viluwiluwi mia nne wakaaga dunia wakiwa wasafi sana. Siku hizi husuuza akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Hata hivyo kwenye fomu pameandikwa "kosa la fundi", na barua ya onyo iko mezani inasubiri sahihi yake. Mkataba wake unaisha baada ya miezi miwili.

Angeweza kubisha. Ndiyo shida yenyewe.

"Nikimshinda mkuu, nimemshinda na mama yangu," anasema.

Kwa sababu kama si sabuni basi ni mto, na mama yake hupikia maji ya mto huo, huyaoga, na humwagilia bustani nayo. Bomba la karibu ni mwendo wa saa nzima, na magoti yake yamekwisha. Bintiye alipomwambia ayaache kwanza, bibi huyo alimrudi. "Mwanangu, wewe umeota meno kwa maji haya. Leo wadudu wako ndio wajuzi kuliko mimi?"

Kisha, katika kupiga soga, akaongeza kwamba tangu ifunguliwe ile karakana ya kuyeyusha betri kuukuu huko juu mtoni, vyura wamepata adabu. Hawapigi kelele tena. Mtu analala.

Mama Funza hakucheka.

Ndiyo maana ya glasi hizi: kumi na mbili za tope la mama, kumi na mbili za mchanga, maji yaleyale, mkono uleule, viluwiluwi wa mayai ya siku moja. Wakifa wote, kosa ni lake. Wakifa wa mama peke yao, kosa liko mtoni.

"Naomba hawa wa mchanga wafe," anasema. "Barua nitaitia sahihi nikiimba."

Leo ni siku ya sita. Wa mchanga wamejijengea vijumba vyao na wanajinyonganyonga humo. Wa mama wametoka kwenye tope na kulala juu yake, wamepauka.

Siku ya kumi atahesabu mbele ya mkuu. Wakiwa wamekufa wa mama peke yao, kama anavyohofia, atakwenda kwa mama yake bila ndoo, amebeba hadubini ndogo, ili bibi ajionee meno. Nyumbani kwake mjini, chumba cha watoto kimeshaongezwa kitanda. Bibi mwenye kitanda hajaambiwa.

"Mimi haniamini," anasema. "Labda ataamini mapengo."

Anazima tochi. Kisha anachukua kijiko na kuwapa wa mchanga chakula chao cha asubuhi, kipimo kamili, bila kuwapunja hata chembe.