Kuku Aliyekosa Mwenyewe

Kanisa letu hapa Katonga, kando ya ziwa, lilinipa watoto wadogo niwafundishe Jumapili kwa sababu moja tu: wananiogopa. Shule mimi niliishia darasa la nne. Lakini Biblia naisoma, tena kwa sauti, na mtoto akicheka anatoka nje.

Jumapili hiyo niliwafundisha haki. Nikawasomea wale wanawake wawili waliogombea mtoto mchanga mbele ya mfalme Sulemani. Mfalme akaagiza upanga, mtoto akatwe, kila mmoja apate nusu. Mwongo akasema sawa, kata. Mama mwenyewe akalia, msimuue, mpeni huyo. Hapo mfalme akajua mama ni nani.

"Mmejifunza nini?" nikauliza.

Akasimama binti wa miaka saba, mwenye pengo mbele. "Ukitaka kitu chako, Bibi, sema apewe mwenzako."

Nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Nikamwambia vizuri sana, kaa chini. Hapo ndipo nilipokosea.

Kufika Jumatano, watoto wa mtaa walikuwa hawagombani tena. Walikuwa wanaachiana. Mpira ulilala katikati ya njia, timu zote mbili zimekaa chini zinapigiana kelele, "Wenu huo, chukueni!" Nyumbani kwangu wajukuu wawili walibakiza samaki mmoja, mgebuka, kwenye bakuli la mawese. "Mpe yeye, Bibi." "Hapana, mpe yeye!" Huku wote machozi yanawatoka kwa tamaa. Nikamla mimi.

Ningecheka, kama si kuku. Nilikuwa na mtetea mwekundu, mtagaji, mmoja tu, wenziwe waliisha kwa ugonjwa wa kideri. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, huanika dagaa uani, kwa hiyo kuku wa mtaa wote hushinda kwake. Naye alikuwa na mtetea mwekundu. Kwetu kuku hufungwa utepe wa kitambaa mguuni ajulikane wa nani. Sasa mimi na jirani tulikuwa tumenunua kitenge kimoja tukagawana, na kila mtu kwa akili yake akachana utepe kwenye kipande chake. Wiki hiyohiyo mwewe akabeba kuku mmoja. Akabaki mmoja, na utepe wake mguuni.

Nilimjua ni wangu. Kidole chake kimepinda. Nikaenda kumfuata, watoto kama kumi nyuma yangu.

"Jirani, nimefuata kuku wangu."

"Wako si ndiye aliyekwenda na mwewe?"

"Aliyekwenda ni wako. Huyu kidole chake nakijua."

"Mama wee, vidole vya kuku wangu umewahi kuviangalia?"

Binti wa pengo akajitoma katikati, mikono kiunoni. "Leteni kisu!"

Jirani hakupoteza muda. Nabii Suleiman hata kwao wanamjua. Akaweka mkono kifuani. "Jamani, msimkate. Mpeni bibi yenu."

Watoto wakapiga makofi. "Huyu ndiye mwenyewe! Kuku ni wake!"

Na mwalimu ni mimi. Nikabana meno. "Hapana. Mpeni yeye."

Basi, tumeachia wote, na kuku hana mtu. Siku kumi nzima hakuna aliyethubutu kumfungia wala kuokota yai, maana atakayeokota ndiye mwongo, na watoto walikuwa wanalinda kwa zamu. Mimi na jirani tukawa tunaongea kwa adabu kama wakwe.

"Jirani, kuku wako ametaga njiani."

"Wako huyo, dada."

"Wako."

Siku ya kumi, asubuhi, nikaona nyayo za kicheche mchangani, karibu kabisa na pale anapolala kuku. Ilikuwa Jumapili. Nikaenda kanisani, nikasimama mbele ya watoto hata kabla ya sala.

"Yule kuku ni wangu. Leo namchukua."

Binti wa pengo akasema, kwa huruma kabisa, "Kumbe Bibi ndiye yule mama mwongo."

"Mama yule hakupewa mtoto kwa kujua kuachia. Aliachia ili mtoto asife. Mimi nikiendelea kuachia, kuku wangu analiwa."

Akafikiri. "Na mwongo naye akijua kuachia, mfalme atajuaje?"

Nilifungua Biblia, nikafunga. Nikawaambia tuimbe.

Baada ya ibada nikaenda kwa jirani na nguo zangu za kanisa. Watoto walishanitangulia na habari, naye alikuwa amesimama mlangoni, kuku kwapani.

"Nasikia umeitwa mwongo."

"Nimeitwa."

"Na watoto."

"Na watoto. Nipe kuku wangu."

Akamgeuza, akakitazama kile kidole muda mrefu. "Ni wako au ni wangu, wallahi hata leo sijui. Ila mimi, kuitwa mwongo na watoto kwa ajili ya kuku, hapana. Mchukue."

"Na mayai?"

"Mayai kayataga kwa dagaa wangu."

Yalikuwa saba, yamelala palepale alipoyataga. Nikahesabu mara mbili, nikamwachia yote, maana ni kweli kuku alikula dagaa wake. Watoto sikuwaambia. Wangeanza upya.