Viatu vya Mama Vilivyorudi Vipya kutoka Nchi Takatifu

Mama yangu alizunguka Nchi Takatifu siku nane, akarudi na viatu ambavyo havijakanyaga chini.

Mimi ni fundi viatu. Unaweza kunidanganya kwa mengi, lakini si kwa soli.

Soli hizo nilizibandika mwenyewe, wiki moja kabla ya safari. Nikazishona mara mbili, nikachonga mistari kwa kisu ili asiteleze kwenye mawe. Ukingo nikaupaka rangi nyeusi.

"Mwanangu, nitapanda mlima ambako Bwana alisali," alisema akivijaribu, anacheka kama msichana.

Miaka thelathini na moja amefagia kanisa letu. Safari ilikuwa shukrani ya kanisa kwake. Mchungaji alitangaza mwenyewe: "Mama yetu wa ufagio naye anakwenda!"

Makofi mpaka mabati yakatikisika.

Mimi sikupiga. Mimi nakumbuka.

Baba alipofariki, mchungaji huyuhuyu alikataa kumzika, eti alikosa ibada miezi mitatu. Mtu alikuwa kitandani anaumwa! Tulimzika wenyewe. Mama akaongoza wimbo peke yake, sauti ikamkatikia ubeti wa pili.

Watu wamesahau. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya tai aliyovaa mchungaji siku anatufukuza ofisini kwake.

Basi, mama akarudi. Kesho yake nikachukua viatu nivisafishe. Nikavigeuza.

Mistari mikali vilevile, kama nimeichonga asubuhi. Rangi ya ukingo inang'aa.

"Mama, mlimani ulipanda?"

"Nilipanda."

"Na njia ya msalaba, ile ya mawe?"

"Nimeipita yote. Kwani wewe polisi?"

Alikuwa anakunja taulo. Taulo lenyewe lilikuwa limeshakunjwa.

Jumapili ikawa ibada ya shukrani. Wasafiri wote mbele, fulana za safari zinafanana. Mchungaji na maikrofoni yake, anatiririka.

"Mama yetu huyu alitembea njia ya msalaba kuwashinda vijana! Mama, simama wakuone!"

Mama akasimama katika ndala zake, macho kwenye sakafu aliyoifagia jana yake.

Hapo nikachemka. Viatu nilikuwa navyo kwenye mfuko. Nikapita mpaka mbele nimeviinua juu.

"Mchungaji, mimi ni fundi. Viatu hivi havijatembea hata kutoka hapa mpaka getini. Mama yangu ulimweka wapi?"

Watu wakageukiana. Halafu kelele.

"Mtoeni huyo!"

"Ana pepo la baba yake!"

Mchungaji hakutetereka. Jamaa ana kipaji, hilo nampa. Akatabasamu.

"Ndugu yangu fundi, Musa aliambiwa nini mbele ya kijiti kinachowaka moto? Vua viatu! Mama yetu alitembea peku, kwa heshima ya mahali patakatifu!"

Kanisa likalipuka. Haleluya, vigelegele, watu wanarukaruka. Nikabaki nimeshika viatu kama mwizi aliyekamatwa navyo.

"Mama, waambie," mchungaji akamsogezea maikrofoni. "Ulivua, hukuvua?"

"Nilivua."

Vigelegele tena. Mama akasubiri viishe.

"Nilivivua kwenye basi. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa."

Akamgeukia mchungaji.

"Kila tulipofika uliniambia, mama, baki na mabegi, wewe ndiye mwaminifu. Mlima niliuona dirishani. Siku nane. Na tukirudi ukaniambia, nikifungua mdomo nitazikwa kama mume wangu."

Mchungaji akafunika maikrofoni kwa kiganja, akamwinamia. Sisi wa mbele tulisikia.

"Mama, fikiria mwisho wako."

"Nimeshafikiria," akajibu, tena kwa sauti. "Mume wangu nilimwimbia mwenyewe. Mimi ataniimbia mwanangu, ingawa sauti hana."

Akaninyang'anya viatu. Akakaa kwenye ngazi ya madhabahu, akavivaa taratibu, kamba kwa kamba. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Nje nikamwambia nimwitie pikipiki, nyumbani ni mbali.

"Panda wewe. Mimi nataka viishe."

Tulitembea saa nzima, yeye mbele. Tulipofika akavivua, nikavigeuza. Mistari ya kisiginoni ilikuwa imeanza kulika.

Sasa wewe unayekimbilia kuniandikia hapo chini kwenye maoni nisimguse mtumishi wa Mungu, andika tu, nimezoea. Lakini kanisani kwenu kuna mama anayefagia. Mkirudi naye safari, na picha zenu za milimani, msimpe maikrofoni awatolee ushuhuda. Muulizeni alikaa wapi.

Halafu mgeuze viatu vyake.