Kipande cha Kumi na Mbili

Siku ninayoikumbuka ilianza na sauti: ukucha ukipita juu ya karatasi, krrr, krrr, kama panya mwenye subira. Nilikuwa nje ya darasa la hesabu, shuleni kwetu Awendo, msichana wa miaka kumi na saba. Nikasukuma mlango, nikamkuta Mwalimu Adhiambo amezungukwa na mitihani yetu ya zamani, anaikunja. Mtihani wangu, ule wa alama za aibu, ulikuwa mkononi mwake.

"Nyar Awendo, ingia," akasema; ndivyo alivyoniita, binti wa Awendo. "Hesabu uliyoanguka, leo tutaisimamisha."

Mwanangu, alitufundisha kutengeneza mpira wa karatasi. Unakunja vipande thelathini vinavyofanana, kila kimoja kina ndimi mbili na mifuko miwili. Ulimi wa hiki unaingia kwenye mfuko wa kile. Vipande vitatu vikishikana vinafanya pembe iliyochongoka, na pembe tano lazima zizunguke kila kitovu, pale zinapokutana. Ukiweka tano kila mahali, mpira unajifunga wenyewe, bila gundi wala uzi. Mpaka leo naona ni uchawi, ila uchawi wa halali.

Kulikuwa na maonyesho ya shule huko Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, na mwalimu angeenda na mwanafunzi mmoja tu, mwenye mpira bora. Niliitaka nafasi hiyo hadi chakula kikanishinda. Baba aliendesha trekta la miwa. Hatukuwa watu wa kusafiri, na ziwa nilikuwa nalisikia tu kwa wengine.

Basi nikakunja mbio mbio. Nilipofika kipande cha kumi na mbili nikaona kitovu kimoja kina pembe nne. Niliona vizuri kabisa, nisikudanganye. Lakini Otieno, aliyekaa dawati la nyuma, alikuwa ameshanipita, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nyar Awendo, huo ni mpira ama ni mandazi?"

Nikaendelea. Mwishoni mpira ukagoma kufunga. Uliachama tu, na vipande viwili vimebaki mezani. Nikavikata ndimi, nikavibandika kwa gundi, nikageuza upande huo chini.

Ijumaa mwalimu akaja na kipimo chake: kila mpira uangushwe kutoka mezani. Wa Otieno ulidunda mara mbili, ukabingirika hadi miguuni mwake. Wangu ulitua, pwa, ukapasuka pale pale penye gundi. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka.

Wenzangu walipoondoka, Mwalimu Adhiambo alinibakisha.

"Kosa uliliona lini?"

"Kwenye kipande cha kumi na mbili, Mwalimu."

"Ungerudi kulirekebisha wakati ule, ungefungua vingapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Vinne."

"Haya. Sasa fungua vyote."

Hakuwa na hasira. Alivuta kiti tukafungua pamoja, akinisimulia jinsi alivyowahi kushona sare ya kwaya yenye mikono miwili ya kushoto, akaivaa hivyo hivyo Jumamosi katika kanisa lao la Wasabato, akiimba mkono mmoja umepinda. Nilicheka mpaka nikasahau kulia.

Jumatatu alikwenda Homa Bay na Otieno. Mimi nilibaki nikikunja, na mchana mpira ukajifunga. Niliuangusha tena na tena, mtu akipita dirishani angedhani nimerukwa na akili. Ziwa nililiona miaka mingi baadaye. Nafasi ile haikurudi, na siku hizi inanichekesha kuliko inavyoniuma.

Mwanangu, leo unaenda Isebania kuanza ufundi wa kushona. Utakosea, kila fundi hukosea. Lakini siku mkono wako ukikuambia hapa pana kasoro, simama hapo hapo, ufumue kidogo ulichoharibu, hata kama jirani wa cherehani ya pili ameshakupita na anakucheka. Kosa likiwa changa halikuchoshi kulifumua. Ukilificha, utakuwa unashona juu yake kila siku.

Mungu aitulize mikono yako, akupe wateja wenye shukrani na tajiri anayejua kucheka. Ulale salama ugenini, ule ushibe. Haya, beba mfuko wako. Na ukitoka uvute mlango, kuku wasiingie.