Nilipomwombea Jirani Ahame

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kufika hata kijijini kwetu Kate, nilisali sala ambayo mpaka leo nikiifikiria naona aibu.

Wiki hiyo ng'ombe wa kina Mama Shija, Wasukuma waliohamia jirani yetu, walikuwa wameingia shambani kwangu wakala ulezi wote wa upande wa bondeni. Nikapeleka malalamiko kijijini, na Jumatatu wazee wangekaa kuamua kama familia ile ifukuzwe. Basi jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilipokutana kwangu kusali Ijumaa hiyo, zamu yangu ya maombi ilipofika nikafumba macho (nilikuwa hodari wa kusali, watu wakinisifu) nikasema, "Utuondolee hawa wanaotulishia mashamba. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia. Mama Shija naye alikuwepo, mtoto mgongoni. Naye aliitikia, taratibu, wa mwisho.

Bibi Yustina, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akasimamisha maombi. "Felista, hapo humwombi Mungu. Unamshitaki mwenzio, tena yupo anasikia. Umeshakwenda kwake?"

"Bado, bibi."

"Nenda kwanza, ndipo uje tusali."

Nilikasirika, sikufichi. Jumamosi nikaenda hivyo hivyo, nimenuna. Mama Shija akanipa kigoda na maziwa mgando, akasema, "Dada, homa ilimlaza mume wangu, ng'ombe wakakosa wa kuwachunga. Kila asubuhi namwomba Mungu anipe moyo wa kuja kwako, naogopa." Nikalia. Kumbe asubuhi zote hizo tulikuwa tunasali sote wawili, nyumba zinatazamana, na hakuna aliyempigia mwenzake hodi.

Jumatatu nikasimama mbele ya wazee nikaomba wabaki, wakabaki. Ulezi wangu haukurudi, na mwaka ule tulikula ugali wa mahindi mpaka tukauchoka. Lakini namshukuru Mungu kwa ajili ya Bibi Yustina kuliko kwa mavuno yoyote niliyowahi kupata.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: sali kila siku, ukiamka, ukilima, ukipika. Ila jina la mtu likikukwama kooni katikati ya sala, inuka, vaa kandambili zako uende kwake, halafu urudi umalizie. Mungu akulinde, akupe majirani wa kukuvumilia, na mtu wa kukukatiza siku utakapoomba vibaya.