Kompyuta imeninyima zamu ya kumuuguza mama

Kompyuta imeninyima mama yangu mzazi!

Yewe, hebu sikilizeni.

Mukecuru wetu, yaani mama yetu mzee, amelazwa hospitali ya Kibagabaga, na sisi watoto tunapokezana kukaa naye. Kila siku tunagombana nani aende. Basi binti yangu Clarisse, anasoma chuo, akasema, "Mama, tulieni, nitawapangia na kompyuta."

Akaandika kila mtu anakaa wapi na ana nafasi lini. Iko programu iliyoandikwa tayari, watu wa kompyuta wanaiita maktaba, ingawa haina hata kitabu kimoja. Unaipa masharti, yenyewe inatafuta mpango wenye safari fupi kabisa.

Ikajibu papo hapo. Mke wa kaka yangu anakaa jirani na hospitali, kapewa zamu tele.

Mimi? Sifuri.

SIFURI, jamani! Mimi niliyetoka tumboni mwake!

"Mama, hapa kwetu Kinyinya ni mbali na hospitali," Clarisse akanieleza. " Mashine imepunguza safari tu. Haijui kama ni mama yako."

"Si uiambie!"

Akaongeza sharti: kila mtoto apate angalau zamu moja. Akabonyeza tena.

Nikapewa moja. Moja tu, haikuongeza hata ya huruma!

"Sasa niandike angalau ngapi, Mama?"

Nikabeba chupa ya chai, nikasimamisha pikipiki.

Haya naandika nikiwa kando ya kitanda. Mukecuru kaamka sasa hivi, ananiuliza leo ni zamu ya nani.

Nimemwambia ni yangu.

Nyie mngemwambia nini?