Chupa ya Maji ya Betri

Chembe za jaribio langu zilizama mbele ya macho yangu. Zilipaswa kuelea ndani ya kichupa kama maziwa yaliyotiwa maji, zitue polepole. Badala yake ziligandamana kama maziwa yaliyokatika na kukaa chini kabla sijamaliza chai. Basi la Arusha lilikuwa linaondoka alfajiri, na huko chuoni nilikuwa nimepewa hadubini kubwa kwa siku moja tu. Nisipofika na vioo vyenye tabaka zilizokamilika, shahada yangu ingesubiri mwaka mwingine, na polima, ile kemikali ya kujengea tabaka, niliyopewa na msimamizi ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa nafanyia kazi mezani kwa mama, mtaani Maisaka, kwa sababu maabara ya shule ninayofundisha ilifungwa kwa ajili ya mitihani. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unachovya kipande cha kioo kwenye polima yenye chaji chanya, unakisuuza, kisha unakichovya kwenye maji yenye vifuko vya polima nyingine, vyenye chaji hasi, vidogo mno kuonekana kwa macho. Vifuko vinashika. Unasuuza, unarudia, tabaka juu ya tabaka. Chembe nazo, laini kama vumbi, zilipitia njia hiyohiyo ndani ya vichupa. Tunatumaini vifuko hivyo vitakuja kubeba dawa; siku ile nilitaka tu vikae mahali pake.

Maji ya kusuuzia hayatakiwi kuwa na chumvi, maana chumvi hudhoofisha chaji kidogo kidogo mpaka chembe zigandamane. Nilitumia maji ya betri, yaliyokenekwa hadi chumvi ikaisha, niliyonunua kwa fundi wa bodaboda karibu na stendi.

Mchana jirani alikuja kuomba kiberiti, akasimama mlangoni akinitazama.

"Mwalimu, tangu asubuhi unaosha vioo? Kwangu madirisha yapo."

"Mwache," mama alimjibu kutoka jikoni. "Anapaka rangi isiyoonekana."

Nilicheka nao. Jioni, nikiwa nimemaliza tabaka la tatu, chembe zikazama. Niliinua chupa ya maji ya betri. Nilikuwa nimeitumia kutwa nzima na bado haikuwa imepungua hata nusu.

"Mama, nani kagusa chupa hii?"

"Ilikuwa imepungua, nikaijaza."

Ndivyo alivyo. Nyumbani kwetu mgeni haombi maji mara ya pili. Mama huona chombo kinapungua akakijaza.

"Usiogope," aliongeza, "ni maji ya kuchemsha. Na nimeyachuja."

Maji ya kisima chetu huacha ukoko mweupe wa chumvi ndani ya sufuria. Ukiyachemsha unaua vijidudu, chumvi inabaki.

"Uliijaza saa ngapi?"

"Nilipotoka kuwapa kuku pumba."

"Asubuhi au baada ya chakula cha mchana?"

Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuku nimewapa mara mbili leo, mwanangu. Vimeharibika?"

Nilivipanga vioo chini ya taa. Kama alijaza baada ya chakula cha mchana, tabaka mbili za chini zilisuuzwa kwa maji safi, na nilikuwa na kitu cha kuonyesha. Kama ni asubuhi, chumvi ilikuwa imeingia tangu tabaka la kwanza.

Alfajiri nilipanda basi, kisanduku kikiwa mapajani. Vioo vyote viling'aa sawasawa, na mama alikuwa bado hajakumbuka.