Msumari Akataa Kunyamaza

Mafundi wenzake wa makochi walimwita dada huyu Msumari, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mdogo wake wa kiume alipoanguka kazini akafa kwa moyo, hata miaka arobaini na mbili hajatimiza, daktari aliwaambia ndugu wote wakapime damu. Akaenda yeye peke yake.

"Kolesteroli yako iko juu sana," daktari alimwambia.

"Mimi? Hayo mafuta yatakaa wapi?"

"Kwenye mishipa. Mwembamba, mnene, hayachagui. Ini lako halimudu kuyaondoa, na hilo mmerithi. Punguza vya kukaanga na sukari, tembea, lakini dawa lazima."

"Mpaka lini?"

"Kila siku, maisha yako yote."

Karakana nzima ilicheka: eti mifupa mitupu nayo ina mafuta! Akawaacha wacheke. Walipoondoka, aliketi kwenye kochi lisilo na sponji, akamlilia mdogo wake kwa hasira, kisha akameza kidonge cha kwanza.

Kaka yao mkubwa aliposikia kwamba Msumari anataka kuwapima na watoto wa marehemu, alimfuata palepale karakana.

"Unatangaza kwamba ukoo wetu una ugonjwa? Nani atawaoa hao wasichana?"

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Siku ya mdogo wetu ilifika, basi!"

"Ilifika hajawahi kupimwa hata mara moja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sifichi."

"Nakukataza! Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Ukubwa wako nauweka kichwani. Watoto nawapeleka kesho. Mama yao ameshakubali."

Akawapeleka. Binti mdogo alikuwa salama. Yule mkubwa, wa miaka kumi na mitano, bingwa wa mbio shuleni kwao, kolesteroli yake ilikuwa juu.

"Shangazi, nitakufa kama baba?"

"Baba yako hakujua, mwanangu. Wewe umejua mapema, na dawa ipo. Kimbia zako."

Miezi mitatu baadaye ya msichana ilikuwa imeshuka vizuri. Ya Msumari ilishuka kidogo tu. Daktari akamwongezea dozi, naye akaipokea huku akisonya.

Kaka mkubwa hajapima hadi leo. Kila Ijumaa Msumari humpigia simu.

"Umepima?"

Kaka hukata. Msumari hupiga tena.